Bia ya Ubelgiji Haionjwi kwa Simu

Wiki iliyopita nilipita kwenye stoo moja nyuma ya Buluk, hapa Juba, nikamkuta kijana amesimama mbele ya ukuta wa katoni za bia, simu mkononi. Anageuza kopo, anapiga picha ya tarehe iliyo chini yake, analirudisha, anachukua lingine. Nikamuuliza anafanya nini.

"Nakagua mzigo, ami."

"Umeonja?"

Akacheka. "Nionje nini? Tarehe si hii hapa?"

Niliondoka. Ningefungua mdomo ningemtukana, na mtoto wa mtu hatukanwi kazini kwake. Lakini hasira ile nilitembea nayo mpaka kwangu New Site, nikalala nayo, nikaamka nayo, na sasa naiandika. Ninyi mnaoshika kazi katika stoo za vinywaji za mji huu, haya ni yenu. Tarehe haijui kwamba lori lilikaa mpakani Nimule wiki nzima chini ya jua. Haijui mlipanga katoni zikaegemea ukuta wa mabati. Tarehe iliandikwa Ubelgiji na mashine, siku bia ikiwa nzima, na tangu siku hiyo haijaongea tena na bia yake.

Mimi ni Jada. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuonja bia za bei rahisi za Ubelgiji, zile za makopo ambazo kila kibanda cha Juba kinazo. Si bia za watawa wenye ndevu mnazoziona kwenye picha. Hizo hazijafika kwetu, au zikifika zinaishia hotelini kwa makawaja, wazungu. Zangu zilitoka viwanda vikubwa vinavyojaza makopo usiku na mchana kama mvua ya mawe. Na msiniletee dharau hapo. Nimeonja bia hizo mwaka hadi mwaka, na yule mtu wa kiwandani, ambaye sitamwona kamwe, kila mara alinitumia kitu kilekile: wepesi uleule, utamu mdogo wa mahindi, uchungu kidogo mwishoni unaoondoka haraka kama mgeni mwenye adabu. Kufanya kitu rahisi kiwe kilekile kila siku ni kazi ngumu. Anayeiharibu si yeye. Ni sisi.

Shule niliiacha darasa la tano, huko Bweyale, Uganda, tulikokimbilia. Mwalimu alichoka kuniambia kwa nini maziwa yanaganda na maji ya mto hayagandi, nami nikachoka kusubiri. Baada ya hapo sikukaa. Nimebeba magunia Arua, nimekamua ng'ombe wa watu Eldoret, nimechoma chapati Kakuma, nimesafiri juu ya malori ya kila rangi kwa sababu tu nilitaka kujua barabara inaishia wapi. Nilipofika Juba nilikuwa mpakuaji mizigo kama wengine. Siku moja katoni ikaanguka, makopo mawili yakapasuka, bia ikanimwagikia mkono. Nikalamba. Nikasema kwa sauti, bila kufikiri, "Hii imepikwa mara ya pili."

Mwenye stoo alikuwa nyuma yangu. Sisi sote tulimwita Tajiri. Akaniuliza nina maana gani. Nikamwambia bia hii imekaa kwenye joto, ina ladha ya sukari iliyoungua. Yeye mwenyewe alikuwa ameokoka, hajawahi kuonja tone la kile anachouza. Kesho yake akanitoa kwenye kupakua, akanipa kiti na bilauri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa muonjaji.

Lakini ulimi sikupewa na Tajiri. Nilipewa na mama Poni, jirani yetu Bweyale, aliyepika kwete, pombe ya nafaka, kwa ajili ya kambi nzima. Nilikuwa namsumbua kwa maswali, naye, tofauti na mwalimu, alijibu. Alinifundisha mambo ambayo mpaka leo hakuna simu inayoyajua. Onja asubuhi, kabla hujala, kabla hujavuta sigara, kabla hujanywa chai. Usionje kitu cha baridi. "Baridi ni kanga," alikuwa akisema, "inafunika makovu." Mimina kwenye bilauri, usinywe kwenye kopo, maana mdomo wa kopo una ladha yake wenyewe. Nusa kwanza. Meza kidogo sana, kisha subiri pumzi tatu, kwa sababu ubaya mwingi huchelewa kufika. Halafu tema iliyobaki. Waliokuwa hawatemi nimewazika wawili.

Na mjue harufu. Katoni iliyonyeshewa na mvua: bia imezeeka. Asali iliyoungua: imepikwa njiani. Siki: kopo limeingia hewa, tupa. Chuma, kama umeng'ata msumari: kopo limekwaruzika ndani. Zile kali za Ubelgiji, za kopo refu ambazo vijana wa boda wanazipenda, zina moto wa pombe unaofunika makosa yote, kwa hiyo hizo ziongezee maji nusu kwa nusu, ndipo uongo wake utaelea juu.

Msidhani sikukosea. Mwaka wangu wa kwanza ulikuja mzigo wa bia nyeupe, ile ya ngano, ambayo hakuna aliyekuwa ameiona hapa. Nikafungua kopo, nikamimina, ikatoka na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Nikanusa: ganda la chungwa, na kitu kingine kama sabuni. Nikafungua la pili, la tatu. Vilevile. Nikaenda kwa Tajiri nikiwa na uso wa daktari. "Mzigo wote umekufa," nikasema. "Na nadhani mtu ametia sabuni."

Tajiri akaamua imwagwe. Wapakuaji, wanaume wenye akili kuliko mimi, wakaomba wapewe badala ya kumwaga ovyo. Mmoja akampelekea mama mkwe wake, mpika kwete wa mtaa wa Nyakuron. Baada ya siku mbili yule mama akaja stoo kwa miguu yake mwenyewe, akiuliza kama ile bia ipo tena. Akaniuliza ni nani aliyesema imeharibika. Nikajionyesha.

"Wewe ulikulia wapi, mwanangu?"

"Bweyale."

"Huko mlikunywa nini, soda?" Akawageukia wengine. "Ukungu huu ni ngano, ya jama! Na hiyo sabuni yake ni mbegu za dania. Mtoto wa kwete anaogopa pombe yenye ukungu kwa sababu imevaa kopo!"

Walinicheka mwezi mzima. Kila nikipita, mtu ananusa kwapa lake na kusema, "Dania." Na walikuwa na haki. Nilikuwa nimekunywa pombe ya ukungu tangu nilipoota meno, lakini kilipokuja kitu kilekile kutoka Ulaya nilitaka king'ae. Ujinga wa aina hii hauponi kwa kusoma. Unapona kwa kuchekwa.

Wateja nao walikuwa na ujinga wao. Kwa muda mrefu walipenda makopo yaliyovimba kitako. Mtu anapitisha kidole chini ya kopo, akikuta limetokeza kama kitovu cha mtoto, analichukua. "Hii ina nguvu," wanasema. Haina nguvu. Kopo limechemka mpaka limekaribia kupasuka. Nilibishana nao mpaka koo likakauka. Mwishowe nikaacha kubishana na nikaanza kutia alama.

Alama yangu ilikuwa mguu wa kuku: mistari mitatu ya chaki na kijiti kimoja nyuma. Nilikuwa nafungua kopo moja katika kila safu, naonja, na safu ikipita naichorea mguu wa kuku kwenye katoni zake. Isiyopita naiacha wazi. Basi. Wanawake wenye baa ndogo za Nyakuron walijifunza haraka. Hawakuuliza tarehe, hawakupapasa kitako. Waliingia, wakatafuta mguu wa kuku, wakapakia. Wa kwanza kati yao alikuwa Keji.

Keji alirudi kutoka Uganda na sufuria mbili na binti mmoja, Kiden, akajenga baa ya mabati na viti vya plastiki karibu na kituo cha utamaduni. Baa yake ilijaa kwa sababu moja: kopo la kwake halikuwahi kumuudhi mtu. Alikuwa na mdomo mkali. Akinikuta nimekaa na bilauri yangu alisema, "Angalia mwanamume anayelipwa kwa kutema mate." Lakini hakuwahi hata siku moja kufungua kopo kukagua. Alitazama chaki, akaita rakshaa yake ya magurudumu matatu, akaenda.

Sasa nifike kwenye kile kinachonifanya niandike.

Mwaka mmoja mvua zilikata barabara ya Nimule. Malori yakasimama. Mzigo mmoja wa bia yetu ulikaa huko mpaka turubai likapauka. Ulipofika, nilisimama mlangoni nikasikia harufu yake kabla sijaufungua. Nikaonja safu ya kwanza, ya pili, ya tano. Karatasi iliyolowa na asali iliyoungua, kila safu. Hakukuwa na hata moja ya kuokoa.

Nikamwambia Tajiri.

"Tarehe zake zikoje?" akauliza.

"Tarehe ni nzuri. Bia ni mbovu."

"Jada, ndugu yangu. Watu wamekaa bila bia wiki tatu. Watakunywa."

"Wanywe. Mimi sitii chaki."

"Sawa," akasema. Sawa tu, kwa upole, kama mtu aliyeombwa maji.

Nilitoka pale nikijiona shujaa. Na hapa sikilizeni vizuri, kwa sababu hasira yangu kubwa haiko kwa Tajiri. Dereva wa lori lile alikuwa anarudi kusini, akasema kuna daraja limebebwa na maji na jeshi linaweka jingine la chuma. Sikuwahi kuona daraja la chuma likiwekwa. Nikapanda. Nilikaa huko siku nne nikiangalia wanaume wakivuta vyuma, nikiuliza maswali, nikila samaki. Sikupita Nyakuron. Sikumwambia Keji wala mtu yeyote. Nilidhani kukataa kuchora kunatosha. Nilidhani kunyamaza ni kusema.

Niliporudi, ilikuwa Jumatatu mchana, rakshaa tatu zilikuwa zimesimama mbele ya geti la stoo na Keji alikuwa anashusha katoni yeye mwenyewe, anazitupa chini moja moja. Kila katoni ilikuwa na mguu wa kuku.

"Huyo hapo," akasema aliponiona. "Njoo. Njoo karibu, sitakuuma."

Nikasogea. Akafungua kopo, akamimina kwenye bilauri aliyokuja nayo kutoka nyumbani. "Fanya kazi yako."

Nikaonja. Nilijua kabla haijafika ulimini. Nikatema.

"Ni mbovu," nikasema.

"Ni mbovu! Leo ni mbovu. Jumamosi ilikuwa nini?"

Ndipo nikajua. Jumamosi wakwe walikuja kwa ajili ya Kiden. Wazee saba na shangazi wa bwana harusi, wametoka mbali, wamekaa kwenye viti vyake vya plastiki. Alikuwa amewatengea bia bora, ya chaki, haikuguswa na mteja. Mzee wao mkubwa akapiga funda moja, akashusha bilauri taratibu, akaomba maji. Wa pili akafanya vilevile. Kwetu mnajua maana yake. Ukimpa mkwe kilichooza, umemwambia thamani ya anachokuja kuoa. Waliongea kidogo kuhusu mvua, wakaaga. Walisema watatuma habari.

"Ile alama si yangu," nikamwambia.

"Ya nani? Ya kuku?"

"Keji, mimi nilikataa. Uliza mtu yeyote hapa. Nilikataa mbele ya Tajiri."

"Ulikataa lini?"

"Jumatano."

Akahesabu siku kwa vidole. Nilimwona akifika Jumamosi. "Jumatano," akasema. "Kutoka hapa mpaka kwangu ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Ulikuwa wapi, Jada?"

Nikasema nilikwenda kuangalia daraja.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. "Mimi sijawahi kununua bia hapa," akasema. "Mimi nilikuwa nanunua neno lako. Bia ningeipata popote."

Tajiri akatoka na karani wake nyuma. Vidole vya karani vilikuwa vyeupe bado kwa chaki. Tajiri akaanza: dada yangu, mama yangu, tarehe haijaisha, kinywaji ni kinywaji, turudishie tu katoni tukupe nyingine. Nikachukua kopo jipya, nikalifungua, nikamnyooshea.

"Kunywa."

"Jada, unajua mimi nimeokoka."

"Umeokoka na unauza?" Keji akauliza.

"Kuuza si kunywa, mama."

Wapakuaji wakacheka. Hata mimi, nadhani, nilicheka, na ndiyo sababu mpaka leo nikikumbuka nakereka zaidi. Nikachukua kitambaa, nikakilowesha kwenye pipa, nikaingia ndani nikaanza kufuta. Safu kwa safu, mguu kwa mguu, wa kweli na wa uongo pamoja, maana hata mimi sikuweza tena kuitofautisha. Karani alikuwa ameujifunza vizuri. Mlinzi alinitoa kabla sijafika nusu. Keji alikuwa amekwenda zamani, ameziacha katoni barabarani.

Wakwe hawakutuma habari. Kiden alisubiri mwaka mzima, halafu akaolewa na mtu mwingine, mtu mwema, na watu huniambia hilo kunifariji kana kwamba mimi ndiye niliyeachwa. Tajiri bado anauza. Karani sasa ana stoo yake.

Nilionja kwa watu wengine baada ya hapo, stoo mbili, na baa kadhaa zilizoniita mzigo ukija. Sikutia alama tena. Nilikuwa namwita mnunuzi, namimina bilauri mbili, moja yake na moja yangu, naye anatema na mimi natema, halafu tunaongea. Ni kazi ndefu na wenye stoo huichukia. Ifanyeni hivyo hivyo. Mkijua kitu kibovu, msikae nacho mkijisifu kwamba ninyi hamkukitia mkono. Nendeni kwa miguu mkagonge mlango. Daraja litawasubiri.

Mwaka jana niliacha kazi. Meno yamebaki machache, ulimi umechoka, na miguu inataka kukaa. Mwezi uliopita nikapita Nyakuron asubuhi, nikakuta gari limesimama mbele ya baa ya Keji, dereva anashusha katoni za bia ileile ya Ubelgiji, ya kopo la bei rahisi. Keji alikuwa amekaa kwenye kiti, bilauri mkononi, hajafungua mlango wa baa, hajanywa chai. Alinisalimu. Siku hizi ananisalimu. Alikuwa anafungua kopo moja katika kila katoni. Kila katoni! Ananusa. Anapiga funda dogo. Anatulia pumzi tatu, nilizihesabu. Anatema kando, mbali na viatu vyangu.

Katoni ya nne akarudia mara mbili.

"Hii hapana," akamwambia dereva. "Na zile zilizokaa upande huo wa gari uliopigwa na jua. Zote."

Dereva akanitazama mimi, mzee mwanamume, akitafuta msaada. Nikaomba bilauri. Keji akanipa. Nikanusa, nikaonja, nikasubiri, nikatema. Nikarudia. Kwangu mimi ilikuwa bia nzuri.

"Keji," nikasema, "hii mimi ningeipitisha."

"Najua," akasema. Akachukua bilauri yake mkononi mwangu, akaisuuza, na kumwambia dereva apakie tena zile alizozikataa.